Kilo zimebadilika, historia inasema hakuna kilichobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rekodi zinazohusiana katika Django

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Maswali haya kuhusu Django, kiunzi cha Python cha kutengenezea programu za wavuti, na jinsi ya kutunza historia ya nani alibadilisha nini, yametoka kwa watengeneza programu wenzangu hapa Dodoma, wengi wao vijana waliomaliza chuo juzijuzi, na machache yametoka kwa makarani wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu ninachokihudumia. Mifano yote ni ya mfumo wa chama hicho. Mkulima analeta kreti, zinapanda mizani, karani anaandika stakabadhi moja yenye mistari kadhaa: aina ya zabibu, idadi ya kreti, kilo, daraja. Stakabadhi ni rekodi mama, mistari ni watoto wake. Anayeshughulika na mahindi ya Kibaigwa au alizeti abadilishe majina tu, tatizo ni lilelile.

Nimebadilisha kilo kwenye mstari. Mbona historia ya stakabadhi haionyeshi kitu?

Kwa sababu machoni pa Django stakabadhi haijaguswa. Ufunguo wa nje unakaa kwa mtoto: jedwali la mistari lina safu inayosema "mimi ni wa stakabadhi 387", lakini jedwali la stakabadhi halina popote panaposema "nina mistari mitatu". Ukibadilisha kilo, umebadilisha mstari mmoja wa jedwali moja. Ishara ya post_save, taarifa ambayo Django hutoa rekodi ikishahifadhiwa, italia kwa mtoto peke yake, na mama ataendelea kulala.

Hili nililijua kwa aibu. Msimu mmoja alikuja mzee ofisini, karatasi yake imekunjwa mara nne, akasema, "Kijana wangu, mashine yako imekula kilo zangu." Karatasi ilisema mstari wa pili kilo 412. Mfumo ulisema 142. Nikafungua historia ya stakabadhi: ingizo moja tu, siku ilipoandikwa. Jumla ya kilo nayo sikuwa nimeihifadhi kwa mama, ilikuwa inakokotolewa papo hapo, kwa hiyo hata yenyewe haikuacha alama. Nikamwambia, kwa ujasiri ambao leo unanitia haya, kwamba hakuna kilichobadilishwa. Akanitazama, akaikunja tena karatasi yake. "Haya mwanangu. Basi karatasi ndiyo inayosema uongo."

Jioni nikafungua nakala rudufu ya usiku uliotangulia, nikaikuta 412. Karani alitaka kurekebisha mstari wa tatu, ulioandikwa 124 badala ya 142, akaandika 142 kwenye mstari wa pili. Mzee alilipwa kilo zake 270, na mimi nikaanza kuandika upya sehemu nzima ya historia.

Si basi niweke historia kwa kila jedwali, yaishe?

Inasaidia, ila haiishi. Marekebisho ya stakabadhi moja yanaweza kugusa mstari, malipo na makato ya pembejeo. Ukiwa na historia tatu zilizotengana, katibu akiuliza "nani alibadilisha stakabadhi ya mzee huyu na kwa nini", itabidi uziunganishe kwa kulinganisha sekunde. Siku ya msongamano mizani zote zikifanya kazi, utaunganisha vya watu wawili tofauti.

Mimi ninaandika tukio moja. Jedwali la tukio lina namba ya stakabadhi, aliyefanya, saa na sababu. Chini yake kuna jedwali la mabadiliko: jedwali gani, rekodi ipi, safu ipi, thamani ya zamani, thamani mpya. Kosa lile la mzee lingetokea leo, skrini ingesomeka hivi:

> Stakabadhi 387, toleo la 2
> Saa 4:12 asubuhi, karani wa mizani ya pili
> Mstari wa 2, kilo: ilikuwa 412, sasa 142
> Jumla ya stakabadhi: ilikuwa 766, sasa 496
> Sababu: kosa la kuandika

Mstari ule wa jumla hauhitajiki kwa kompyuta. Ni wa katibu. Akiona jumla imeshuka kilo 270 kwa "kosa la kuandika" atanyanyua simu kabla mzee hajapanda daladala.

Kuna mtego hapa. Usiiunganishe namba ya stakabadhi kwenye tukio kwa ufunguo wa nje wenye kufuta kwa mfuatano. Siku stakabadhi itakapofutwa, historia yake itafutika nayo, na hiyo ndiyo siku utakayoihitaji. Hifadhi namba yenyewe kama thamani ya kawaida, pamoja na maandishi mafupi ya kuitambulisha.

Thamani ya zamani naikamatia wapi?

Kwenye post_save umechelewa, kanzidata ina thamani mpya tayari. Njia ni mbili. Ya kwanza, kwenye pre_save, ishara inayolia kabla ya kuhifadhi, uisome rekodi upya kutoka kanzidata kisha ulinganishe. Ni ulizo moja la ziada kwa kila kuhifadhi, na kwa mfumo wa mizani sijawahi kuona likimuumiza mtu. Ya pili ni kuandika upya mbinu ya from_db ya modeli (darasa la Python linalowakilisha jedwali) ili ihifadhi nakala ya thamani zote pale tu rekodi inapopakiwa. Haina ulizo la ziada, lakini ina masharti: ukiwa umetumia only au defer, ambazo hupakia baadhi tu ya safu, safu zilizoachwa hazimo kwenye nakala, na ukihifadhi rekodi ileile mara mbili bila kuisasisha nakala, badiliko la kwanza litaandikwa tena.

Njia yoyote utakayochagua, angalia aina za data. Kilo ni desimali. Thamani ikitoka kwenye fomu bila kusafishwa ni maandishi, na maandishi "412.50" hayalingani na desimali 412.50, kwa hiyo historia itajaa mabadiliko ambayo hayakutokea. Ikipita kwenye namba ya nukta inayoelea ni hivyohivyo: 412.1 ya aina hiyo na 412.1 ya desimali si kitu kimoja. Badilisha kwanza, linganisha baadaye. Na ukitumia F, inayoiachia kanzidata ifanye hesabu, kuongeza kilo, wakati wa pre_save safu hiyo haina namba bali ina mlinganyo, na mlinganyo haulinganishwi na 412.

Nimetumia update() kurekebisha daraja la mistari yote ya siku. Historia tupu.

Ndivyo ilivyo. update() ya kundi inatuma amri ya SQL, lugha ya kanzidata, moja kwa moja, haiiti save() na haitoi ishara. bulk_create na bulk_update nazo hazitoi pre_save wala post_save. Hata safu ya auto_now, ile inayoandika muda wa badiliko la mwisho, haisogei ukitumia update(), kwa hiyo rekodi inabadilika huku ikiapa kwamba haijaguswa tangu wiki iliyopita.

Kufuta ni kinyume chake, na ndiyo maana watu wanachanganyikiwa: delete() ya kundi haiiti mbinu yako ya delete(), lakini ishara za pre_delete na post_delete inazitoa kwa kila rekodi, hata kwa watoto wanaofutwa kwa mfuatano, kwa kuwa mfuatano huo Django inaufanya yenyewe. Ukiupeleka mfuatano kwenye kanzidata kwa SQL yako, Django haitajua watoto wamekwenda wapi.

Kwangu marekebisho ya kundi yana mlango mmoja: kitendo kimoja kinachosoma rekodi kabla, kinabadilisha, kinaandika tukio, yote ndani ya muamala mmoja, yaani yafanikiwe yote au yaanguke yote. Nikikuta update() tupu kwenye msimbo wa mwenzangu, tunazungumza.

Je, uhusiano wa wengi kwa wengi?

Huu una ishara yake, m2m_changed. Kwenye mfumo wetu mstari unaweza kuwa na kasoro kadhaa: zimepasuka, zina ukungu, hazijaiva. Karani akiongeza "ukungu", rekodi ya mstari haihifadhiwi kabisa. Kinachobadilika ni jedwali la katikati, na post_save yake haitalia, kwa kuwa Django inaliingizia kwa mkupuo.

m2m_changed inakupa kitendo na seti ya funguo zilizoongezwa au kuondolewa. Kitendo cha kuchunga ni cha kufuta zote: kwenye pre_clear na post_clear seti hiyo haipo, unapewa None. Ukisubiri post_clear ili ujue ni kasoro zipi zilizoondolewa, umechelewa. Zisome kwenye pre_clear uziweke pembeni. Ukitumia set() bila clear, Django inapiga hesabu ya tofauti na kukutumia zilizotoka na zilizoingia tu. Nawashauri mwende na hiyo.

Kumbuka pia kwamba uhusiano una pande mbili. Mtu anaweza kushika kasoro ya "ukungu" na kuibandikia mistari, badala ya kushika mstari na kuubandikia kasoro. Ishara ni ileile, ila reverse inakuwa kweli, na instance uliyopewa ni kasoro. Nimeshaona historia iliyoandika kwamba stakabadhi namba 4 imebadilika, kumbe 4 ni namba ya ukungu.

Kwenye post_save ya stakabadhi nasoma mistari, naiona ya zamani. Kwa nini?

Mpangilio wa admini, zile kurasa za usimamizi zinazokuja na Django. Admini inahifadhi mama kwanza kwa save_model, kisha ndiyo inaenda save_related kuhifadhi watoto na mahusiano ya wengi kwa wengi. post_save ya mama inalia katikati ya safari. Hamishia kazi yako kwenye save_related, baada ya kuita ya asili.

Ukitumia fomu zako mwenyewe, fomseti, yaani kundi la fomu za watoto, ina hazina ambayo wengi hawaijui: baada ya save() inakuwa na new_objects, changed_objects na deleted_objects. Ya katikati inakuja kama jozi, kitu chenyewe na majina ya safu zilizobadilika. Nusu ya kazi ya historia imeshafanywa hapo.

Admini si ina historia yake tayari?

Inayo, lakini inasema "kilo imebadilishwa" bila kusema ilikuwa ngapi na imekuwa ngapi. Kwa mkulima hiyo haijasema kitu.

Makarani wawili wamefungua stakabadhi moja. Historia inamtaja asiyehusika!

Swali zuri kuliko yote hapa, na ni watu wachache wanaoliuliza kabla halijawauma.

Karani wa kwanza anafungua ukurasa saa tatu, kilo zinasomeka 412. Wa pili anafungua, anarekebisha kuwa 420, anahifadhi. Wa kwanza, ambaye kilo hakuzigusa kabisa, amebadilisha daraja tu, anahifadhi. Fomu yake inatuma sehemu zote, ikiwemo 412. Django inapopokea inasoma rekodi upya kutoka kanzidata, inakuta 420, inalinganisha na 412 iliyotumwa, na changed_data, orodha ya sehemu zilizobadilika, inasema: kilo imebadilika. Historia yako inaandika kwamba karani wa kwanza ameshusha kilo kutoka 420 hadi 412. Hakuzishusha. Hata hakujua kama zilipanda. Kwenye kikao cha chama, maelezo hayo hayatamwokoa.

Dawa ni namba ya toleo kwenye stakabadhi mama, iliyofichwa ndani ya fomu. Wakati wa kuhifadhi, kabla ya kitu kingine chochote, jaribu kulipandisha toleo kwa sharti: pandisha pale ambapo namba ni 387 na toleo bado ni lile nililolisoma. Hapo update() ni rafiki, kwa sababu inarudisha idadi ya rekodi ilizozigusa. Ikirudisha 1, endelea. Ikirudisha 0, kuna aliyekutangulia. Mwonyeshe karani kilichobadilika, achague.

Toleo likae kwa mama hata kama kinachobadilika ni mtoto. Likikaa kwenye kila mstari, makarani wawili watarekebisha mistari miwili tofauti kwa wakati mmoja, jumla itabadilika mara mbili, na kila mmoja ataapa aliona jumla nyingine.

Nani alifanya? Ishara haimjui mtumiaji.

Kweli, modeli haijui kitu kuhusu ombi la kivinjari. Wengi huweka programu ya kati inayomhifadhi mtumiaji wa ombi ili ishara imsome. Inafanya kazi hadi pale kazi za usiku zinapoanza, au mtu anapobadilisha kitu kupitia terminali. Hapo hakuna ombi, na historia inaandika "hakuna". Kwenye ule mlango mmoja nilioutaja, aliyefanya ni hoja ya lazima. Kazi ya usiku ina akaunti yake, inaitwa "mfumo: malipo ya usiku". Nikiingia mimi kwa terminali, ninaandika jina langu.

Nitumie maktaba gani?

Zipo tatu ninazozifahamu kwa kuzitumia. django-simple-history inatengeneza jedwali la historia kwa kila modeli na kuhifadhi nakala nzima ya rekodi kila inapohifadhiwa, hata kama hakuna kilichobadilika. Inasomeka kirahisi. Uhusiano wa wengi kwa wengi lazima uutaje kwenye m2m_fields, na shughuli za kundi zina vitendo vyake maalumu. django-auditlog inahifadhi tofauti tu, ya zamani na mpya, kwa hiyo ni nyepesi. django-reversion inakusanya mabadiliko ya modeli nyingi katika toleo moja, na kwa follow unaiambia imfuate mtoto hadi kwa mama. Kwa mawazo yangu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na vile mkulima anavyoielewa stakabadhi.

Mwisho niliandika yangu, kwa sababu ya safu ya sababu na ya toleo. Siwashauri mwanze hivyo.

Triga za PostgreSQL je?

Triga ni amri zinazokaa ndani ya kanzidata yenyewe na kujiendesha data inapobadilika. Zinaona kila kitu: update(), mkupuo, hata mtu aliyeingia na SQL mkononi. Ndiyo sifa yake. Kasoro yake ni kwamba hazimjui karani, kwa kuwa Django nzima inaingia kanzidata kwa mtumiaji mmoja. Unaweza kuipenyeza namba ya karani kwa set_config mwanzoni mwa muamala, hoja ya tatu ikiwa kweli ili iishe na muamala huo. Mimi ninazo kwenye majedwali mawili tu, mistari na malipo, kama mlinzi wa usiku. Tukio la Django ndilo linalosomwa. Triga nazitazama zisipolingana nalo.

SMS ya mkulima ilitoka, lakini badiliko halikuhifadhiwa.

Umeituma ndani ya muamala, kisha muamala ukaanguka. Iweke kwenye transaction.on_commit. Historia yenyewe iache ndani ya muamala, ianguke pamoja na badiliko.

Historia inasema saa 05:00. Wakati huo ofisi imefungwa!

Ilikuwa imefunguliwa. Django inahifadhi muda kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele. Weka TIME_ZONE kuwa Africa/Dar_es_Salaam, na uhakikishe kila ripoti inapita kwenye ubadilishaji huo, hasa zile zinazotolewa kwa SQL moja kwa moja.

Halafu kuna saa yetu wenyewe. 05:00 ya UTC ni 08:00 ya hapa, na karani anaiita saa mbili asubuhi. Mkulima akisoma "05:00" ataona saa kumi na moja alfajiri, na ataanza kuuliza ni nani aliyekuwa mizani gizani. Kwenye karatasi za wakulima ninachapa "saa 2:00 asubuhi". Ni mistari michache ya msimbo na imepunguza maswali kuliko kitu chochote nilichokifanya mwaka ule.

Bei ya kilo ikibadilika kwenye jedwali la bei, niandike historia kwenye stakabadhi zote?

Hapana. Nakili bei kwenye mstari siku stakabadhi inapoandikwa. Bei ya leo haina ruhusa ya kugusa mzigo wa jana. Si kila uhusiano ni wa kufuatiliwa, mwingine ni wa kukatwa.

Historia haitajaza diski?

Piga hesabu. Tuseme stakabadhi 300 kwa siku ya mavuno, na moja kati ya kumi inarekebishwa: ni matukio 30. Hata kwa mavuno yetu mawili ya mwaka, hiyo ni data ndogo. Kinachojaza diski ni kuhifadhi nakala nzima kwa kila save() isiyobadilisha kitu, na picha.

Namba za simu na za NIDA ziingie kwenye historia?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na historia yako nayo ni taarifa. Ukimfutia mkulima namba yake kwenye jedwali la wakulima huku imebaki mara sita kwenye mabadiliko, hujamfutia. Kwa safu hizo ninaandika kwamba zimebadilika na nani kazibadilisha. Namba ya NIDA, tarakimu zote 20, haina kazi kwenye historia ya kilo.

Tunatumia Laravel. Yanatuhusu?

Yote. Laravel ni kiunzi kama Django, ila cha PHP. Huko mama anaguswa kwa touches, ambayo inasogeza updated_at yake bila kueleza kilichotokea. sync() inakurudishia vilivyounganishwa, vilivyotenganishwa na vilivyosasishwa. Usiyatupe majibu hayo, ndiyo historia yenyewe. Rails, kiunzi cha Ruby, nayo ina touch kwenye belongs_to, yenye upungufu uleule.

Nikikosea na kurekebisha dakika ileile, si nitaonekana mwizi?

Hili aliliuliza karani, dada mmoja wa mizani ya pili, siku ya mafunzo, mbele ya wote. Nilikuwa nimejiandaa kueleza matoleo na miamala, nikaviacha.

Nilimwambia kosa litaonekana, na marekebisho yataonekana, na sababu yake itakuwa pembeni. Akasema sababu ataandika saa ngapi, foleni imefika barabarani na kreti ziko juani? Alikuwa na haki. Kisanduku cha kuandika tukakitoa, tukaweka vitufe vinne: kosa la kuandika, mizani imepimwa upya, mkulima ameomba, daraja limekaguliwa. Stakabadhi ambayo bado haijachapwa haiulizi sababu kabisa, inaandika badiliko kimyakimya. Ikishachapwa na mkulima kuondoka na karatasi yake, haihifadhi bila kitufe kimoja kubonyezwa.

Kitufe cha tano aliomba yeye: "nimekosea mstari".